Mtumbwi na Daftari: Asili ya Kuandikisha Vyombo vya Waundaji Wadogo Katika Ukingo wa Ziwa Viktoria

Mtu aliyejiundia mtumbwi wake huko Igombe au Kayenze, naye akataka kuuvulia samaki kwa halali, hana budi kuyapa maji kisogo na kuelekea Buswelu. Huko ndiko yaliko makao makuu ya Manispaa ya Ilemela, iliyoanzishwa mwaka wa 2012. Na kwa utaratibu wa leseni za uvuvi katika Tanzania, chombo kisichofika urefu wa mita 11 kimewekwa chini ya halmashauri ya mahali, ilhali kilicho kirefu kuliko hivyo ni cha Serikali Kuu. Basi habari za mawimbi huandikwa katika daftari lililo nchi kavu. Jambo hili halimshangazi mtu yeyote wa Ilemela, kwa kuwa limekwisha kuwa desturi. Lakini atakayeuliza daftari lile limetoka wapi, na kwa nini liulize maswali yale linayouliza wala si mengine, ataona kwamba njia ya kufika Buswelu imepitia mahali pengi, na kwamba mwanzo wake haukuwa ziwani hata kidogo.

Yafaa kwanza kulitazama neno lenyewe. Mswahili wa pwani hajengi chombo. Nyumba ndiyo hujengwa, na chombo huundwa. Neno *kuunda* lilikuwa la mafundi wa mbao, wenye kuweka mkuku, kusimamisha mataruma, kupigilia mbao na kutia kalafati. Siku hizi watu huunda kamati, huunda tume, huunda hata serikali, na wengi wa wasemao hivyo hawakumbuki kwamba wamelichukua neno la mafundi wa vyombo. Kwa upande wa daftari, kitenzi kinachotumika sasa ni *kusajili*, nacho kimetokana na Kiarabu *sijili*, ambalo nalo wataalamu hulirudisha kwenye neno la Kilatini lenye maana ya muhuri. Wazee wa zamani walisema tu *kuandikisha*. Tofauti si ndogo: mwenye kuandikisha ni yule mwenye chombo, anayekwenda kuomba jina lake liandikwe, mwenye kusajili aghalabu ni mkubwa wa ofisi.

Daftari la kwanza la vyombo vidogo lililopangwa kwa mapatano ya mataifa katika Afrika Mashariki lilikuwa la baharini, na sababu yake haikuwa uzima wa mbao wala usalama wa abiria. Sababu ilikuwa biashara ya watumwa. Katika Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi, mataifa yalijipa kazi ya kueleza chombo cha wenyeji ni kipi. Maelezo yao yalikuwa ya ajabu kidogo. Chombo kilihesabiwa kuwa cha wenyeji ama kwa sababu ya umbo lake na matanga yake, ama kwa sababu nahodha na mabaharia wake wengi ni watu wa nchi za Bahari ya Hindi, Bahari ya Sham au Ghuba ya Uajemi. Yaani sheria ilitazama sura ya chombo au sura za watu, na kwa mojawapo ilikata shauri. Chombo cha namna hiyo kilitakiwa kuwa na kibali cha kupeperusha bendera, kibali chenye kufanywa upya kila mwaka. Jina lake liandikwe nyuma kwa herufi za Kirumi, na herufi ya bandari yake pamoja na namba yake viandikwe juu ya tanga. Kwa mvuvi na mchukuzi mdogo asiye na sitaha, mwenye watu wasiozidi kumi na asiyekwenda mbali na pwani, mkataba uliweka kibali chepesi zaidi. Lakini huyo naye hakusamehewa kabisa.

Kwamba bendera na daftari vilikuwa mambo ya ugomvi mkubwa, ushahidi ni kesi ya vyombo vya Maskati iliyoamuliwa The Hague mwezi wa Agosti 1905, baina ya Uingereza na Ufaransa. Wafaransa walikuwa wamewapa watu wa Sur katika Omani haki ya kupeperusha bendera yao, na Waingereza wakasema kwamba kwa njia hiyo wafanya biashara ya watumwa wamepata mahali pa kujificha. Waamuzi wakaiwekea mipaka haki ile. Mtu wa Sur aliyekuwa na dau lake la babu zake hakuulizwa neno.

Haya yote yalikuwa ya pwani. Ziwani mambo yalikuwa na sura nyingine, wala si kweli kwamba hakukuwa na sheria. Katika Buganda, Gabunga, mkuu wa ukoo wa Mmamba, ndiye aliyesimamia mitumbwi ya Kabaka, na mitumbwi ile ilihesabika bila ya karatasi, kwa kuwa kila chifu wa ukingoni na wa visiwa vya Ssese alijua anadaiwa mingapi siku ya kuitwa. Katika Ukerewe mamlaka ilikuwa ya Omukama. Namna ilivyokuwa na nguvu ilidhihirika katika msiba wa mwaka wa 1877, ambao katika vitabu vya historia ya misheni husimuliwa kama habari ya mashahidi wa dini tu, ingawa kwa mwanafunzi wa sheria za vyombo una mafundisho mengine.

Mfanyabiashara mmoja kutoka pwani, ajulikanaye kwa jina la Songoro, alikuwa amekaa Kageyi katika Ghuba ya Speke, upande wa mashariki wa Ilemela ya leo. Hapo ndipo Stanley alipofikia mwezi wa Februari 1875 akaiunganisha mashua yake iliyoletwa vipande vipande. Songoro alianza kuunda jahazi katika Ukerewe, kwa ustadi wa pwani na kwa miti ya nchi ya Lukonge, Omukama wa siku zile. Wamisheni wa Kanisa la Uingereza, Luteni Shergold Smith na mwenziwe O'Neill, walipohitaji chombo cha kwendea Buganda waliingia katika mapatano na Songoro juu ya jahazi lile. Lukonge na Songoro wakagombana, na kiini cha ugomvi kilikuwa chombo na malipo yake. Wamisheni walipomkinga Songoro, wakauawa pamoja naye mwezi wa Desemba 1877. Kwa fikira za Songoro na Wazungu, chombo ni mali ya aliyekigharimia, naye aweza kumwuzia amtakaye. Kwa fikira za Lukonge, miti ni ya nchi, na nchi ina mwenyewe. Chombo hakitoki ufukoni mpaka mwenye nchi aridhike. Hakuna daftari lililokuwapo, lakini swali la daftari lilikuwapo tayari: ni nani mwenye haki ya kusema kwamba chombo hiki sasa chaweza kushuka majini?

Chombo chenyewe cha wenyeji hakikufanana na jahazi la Songoro. Ule mtumbwi mkubwa wa ziwa uitwao *sese*, kwa jina la visiwa vile vya Ssese, ulikuwa wa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mimea, pasipo msumari hata mmoja, na mti wake wa chini ulichomoza mbele kama pembe. Msomaji wa pwani atakumbuka mara moja mtepe wa Lamu na visiwa vya Bajuni, uliokuwa nao wa kushonwa. Watu wamejaribu mara kwa mara kuuunganisha ujuzi huu na ule, kana kwamba hapana mtu awezaye kushona mbao mbili bila ya kufundishwa na mgeni. Ushahidi wa lugha hausaidii dhana hiyo. Msukuma husema *bwato*, Mkerewe *obwato*, Mganda *eryato*, Mnyarwanda *ubwato*, na katika Lingala, mbali kule Kongo, ni *bwato* vilevile. Neno hili ni la Kibantu cha zamani sana, limeenea katika mito na maziwa ya bara, nalo halina deni kwa majina ya vyombo vya Bahari ya Hindi. Hata Mjaluo, ambaye lugha yake si ya Kibantu, ana neno lake mwenyewe, *yie*. Ni baadaye tu, pamoja na Kiswahili cha njia za misafara na cha ofisi, ndipo *mtumbwi* ulipokuja kuwa jina la jumla la kila chombo kidogo cha ziwani, hata kile cha mbao ambacho mtu wa Mvita au wa Unguja angekiita mashua.

Waingereza walipoishika Mwanza mwaka wa 1916, walikuja na fikira za Sheria yao ya Meli za Biashara ya mwaka wa 1894. Sheria hiyo kubwa ilitaka kila meli ya Kiingereza iandikishwe, lakini iliacha mlango wazi: chombo kisichozidi tani 15, kinachotembea katika mito au pwani za nchi anakokaa mwenyewe, hakikulazimishwa. Mlango ule uliachwa kwa ajili ya wavuvi na wachukuzi wadogo wa Uingereza yenyewe, lakini fikira yake ilisafiri mbali kuliko waliokusudiwa. Mtumbwi wa Igombe haukukaribia tani 15. Kwa macho ya sheria ya meli, basi, haukuwapo. Meli zilikuwa ni zile za reli, kama *Winifred* na *Sybil*, zilizoanza kazi mwaka wa 1902 na 1903 baada ya reli kufika Kisumu. Tena yasemekana kwamba neno *meli* lenyewe limetoka katika neno la Kiingereza la barua za posta. Kwa hiyo mtumbwi, usiochukua barua, hata kwa lugha haukuwa na nafasi katika jamii ile.

Reli iliyofika Kisumu mwaka wa 1901, kisha Mwanza mwaka wa 1928, ilirahisisha pia kupatikana kwa misumari, misumeno na nguo za matanga. Ushonaji wa mbao ukafa polepole. Hili ni badiliko kubwa kuliko linavyodhaniwa. Sese ya kushonwa ilihitaji watu wengi, na mwenye kuwakusanya watu wengi ni mkubwa wa nchi. Chombo cha misumari chaweza kuundwa na mtu mmoja na mwanawe nyuma ya nyumba yao, kwa mbao za kununua. Ndipo alipozaliwa yule ambaye sheria za baadaye zingemhangaikia: muundaji mdogo, asiye na kiwanda wala bwana, ambaye kazi yake haionekani mpaka siku ya kuishusha.

Daftari lililomkamata mwishowe halikutokana na meli bali na samaki. Uchunguzi wa Michael Graham wa mwaka wa 1927 na 1928 ulionyesha kwamba ngege wanapungua. Akashauri nyavu zisiwe na matundu madogo kuliko inchi tano, na pawe na mamlaka moja ya ziwa zima ya kusimamia uvuvi na kukusanya hesabu zake. Mamlaka hiyo, Idara ya Uvuvi wa Ziwa Viktoria, ilipatikana mwaka wa 1947, ikavunjwa mwaka wa 1960. Fikira iliyobaki baada yake ni kwamba mtumbwi ni kipimo cha uvuvi: ukitaka kujua samaki wangapi wanatolewa, hesabu mitumbwi. Ni fikira ya haki kabisa, na tangu mwaka wa 2000 Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, lenye makao yake Jinja, limekuwa likifanya hesabu za namna hiyo katika nchi zote tatu. Lakini mwenye kuhesabu vyombo kwa ajili ya samaki haangalii kama ubao umeoza.

Sangara, waliotiwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuenea kwa wingi katika miaka ya 1980, walivuta watu na fedha hata mialo ikajaa vyombo. Hapo ndipo ajali za majini nazo zilipoacha kuwa habari za jamaa wa marehemu peke yao. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa. Meli ile haikuundwa nyuma ya nyumba ya mtu. Ilikuwa meli ya shirika la umma. Hata hivyo uchungu wake uligeuza fikira za watu juu ya kila chombo kichukuacho abiria, kikubwa na kidogo.

Matunda ya fikira zile yalitokea mwaka wa 2003, na hapa mwanafunzi wa maneno ya sheria anapata jambo la kutafakari. Bunge la Tanzania lilitunga mwaka huo Sheria ya Meli za Biashara, namba 21, na Sheria ya Uvuvi, namba 22. Sheria hizi ni ndugu waliofuatana tumboni, lakini hazisemi lugha moja. Ya kwanza humtazama mtu aliye ndani ya chombo: je, chombo ni kizima, kimepimwa, kina vifaa vya kuokolea, kimepakia kadiri yake? Ya pili humtazama samaki aliye nje ya chombo: je, mvuvi ana leseni, nyavu zake ni halali, chombo chake kinajulikana mwalo wake? Pamoja na ya pili, na kanuni zake za mwaka wa 2009, zilikuja alama za kuandikwa ubavuni na vikundi vya usimamizi wa mialo vyenye madaftari yao. Pamoja na ya kwanza wakaja wakaguzi, chini ya SUMATRA kwanza, kisha chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2017. Juu ya hizo mbili Jumuiya ya Afrika Mashariki iliongeza Sheria ya Usafiri wa Ziwa Viktoria ya mwaka wa 2007.

Kwa karani, mpaka uko wazi: mtumbwi wa kuvulia una daftari lake, na chombo cha abiria na mizigo kina daftari lake. Ziwani mpaka huo hauonekani. Chombo kilekile kilichotega nyavu usiku hupeleka wagonjwa, wafiwa na magunia ya mihogo mchana, kwa kuwa kisiwa ni kisiwa na safari haingoji. Aliyekiunda kwa ajili ya samaki hakukusudia kuvunja sheria ya abiria. Lakini siku ya kwanza alipompakia jirani yake kwa nauli amevuka kutoka namba 22 kuingia namba 21, naye hajui. Na pengo hili si la karatasi tu. Chombo cha nyavu huundwa kiwe chepesi na ubavu wake uwe mfupi, ili wavu uvutwe bila taabu. Chombo cha watu hutaka ubavu mrefu juu ya maji. Daftari la samaki halina safu ya kuandikia kimo hicho, na watu hufa kwa sababu ya kimo hicho.

MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na watu 228 wakafa, waliowahi kufika kuwaokoa walio hai walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mwaka uleule Operesheni Sangara ilikuwa imepita katika mialo ikikamata nyavu na vyombo vya uvuvi haramu. Mambo haya mawili hayapingani kwa mantiki, kwa kuwa mwokozi aweza kuwa na nyavu mbaya. Lakini yanaeleza kwa nini watu wa visiwani huzungumza juu ya ukaguzi kwa sauti mbili.

Uganda ilichukua njia nyingine, nayo ni kali. Huko chombo cha kuvulia katika Ziwa Viktoria kimewekewa urefu usiopungua futi 28, na tangu mwaka wa 2017 askari wa jeshi ndio waliosimamia amri hiyo. Vyombo vifupi vilichomwa moto. Kilichokusudiwa hasa ni kile chombo kidogo cha sakafu bapa, cha mbao chache, ambacho wahesabu wa ziwa wamekiita *parachuti*. Mtu anaweza kukiunda kwa siku chache na kwa fedha kidogo, na ndiyo sababu ni chombo cha maskini, tena ndiyo sababu huvulia karibu na ukingo ambako samaki wachanga hukaa. Kanuni ya futi 28 ni kanuni ya samaki na ya usalama kwa pamoja, na labda kwa sababu hiyo yafahamika upesi. Lakini imepima utajiri wa muundaji kuliko ustadi wake. Chombo cha futi 28 kilichoundwa vibaya hupita. Cha futi 20 kilichoundwa na fundi hodari huchomwa.

Ulaya na Marekani, mtu ajiundiaye mashua nyumbani kwake ana jina na nafasi yake katika sheria. Kanuni za Umoja wa Ulaya za vyombo vya starehe, tangu zile za mwaka wa 1994, zimemsamehe mtu aliyeunda kwa matumizi yake mwenyewe, kwa sharti kwamba asikitie sokoni chombo chake kabla ya miaka mitano. Marekani humpa namba ya kuandikwa juu ya chombo, herufi na tarakimu kumi na mbili, sawa na ile ya kiwanda. Sheria hizo zimejengwa juu ya tofauti baina ya aundaye kwa kujifurahisha na aundaye kwa kuuza. Tofauti hiyo haitafsiriki mwaloni. Fundi wa Kayenze huunda mmoja kwa ajili yake, wa pili kwa ajili ya shemeji yake kwa malipo ya samaki, na wa tatu humwuzia mgeni kwa fedha. Na yote mitatu ni ya riziki. Kumwambia angoje miaka mitano ni kumwambia ale nini? Atakayetaka kuiga kanuni za kigeni katika jambo hili heri aanze na namba kumi na mbili za Wamarekani, ambazo hazimwulizi mtu moyo wake, bali humwuliza jina lake na mahali alipoundia.

Mwaka wa 2021, kwa sheria namba 1 ya mwaka huo, Kiswahili kilifanywa kuwa lugha ya sheria za Tanzania, na kazi ya kuzitafsiri sheria za zamani ikawa wajibu badala ya hisani. Hapo mambo yaliyokuwa yamelala yanaamka. Neno moja la Kiingereza lililotumika kwa kila kielea majini hugeuzwa *chombo*, na hiyo ni sawa kwa pwani, ambako *chombo* peke yake hufahamika kuwa cha baharini. Mwanza, *chombo* ni sufuria, ni gari, ni redio. Hapana budi kuongeza *cha majini*, na hata hivyo mwenye bwato lake aweza kusikiliza sheria yote asijue kwamba ni yeye anayeambiwa. *Mtumbwi* angelijua, lakini mtumbwi kwa mwanasheria wa pwani ni gogo lililochongwa tu.

Urefu nao una shida yake. Mita 11 zinazotenganisha halmashauri na Serikali Kuu hupimwa kutoka omo hata tezi. Lakini sese halisi ina ile pembe ya mti wa chini inayochomoza mbele, na mafundi wengine wameendelea kuiweka, kwa kuwa hukata wimbi na kuulinda ubao chombo kinapopandishwa mchangani. Je, pembe ile ni sehemu ya omo, au ni pambo? Ikihesabiwa, mtumbwi wa mita 10 na nusu huenda ukawa wa Serikali Kuu. Isipohesabiwa, ni wa Buswelu. Kiswahili cha pwani hakina jina la pembe hiyo, kwa sababu majahazi hayana kitu kama hicho, wala haliwezi kutoka katika kamusi ya baharini. Jina lake liko kwa mafundi wa Ukerewe na wa mialo ya Ilemela, nao ndio wa kuulizwa kabla mfasiri hajaandika tarakimu ile.